Wa kwanza kupanda, wa mwisho kushuka

Saa kumi na nusu alfajiri, Njombe, mwezi Machi. Kama hujawahi kumtoa kitandani mtoto wa miaka saba kwenye baridi hii, usinishauri kitu. Simwamshi, namvalisha akiwa usingizini: soksi, sketi, sweta la shule, juu yake koti la kaka yake. Viatu nabeba mimi kwenye mfuko wa plastiki. Atavivaa tukifika lami, maana njia yetu ni udongo mwekundu, na ukipata mvua siku mbili unang'ang'ania kiatu kama ugali wa moto.

Kutoka kwetu hadi lami ni kilomita tatu. Zamani gari la shule lilikuwa linaingia mpaka dukani, pale chini ya mikaratusi. Desemba lori la mbao likapita na mzigo wake, kalavati likakatika, na tangu hapo dereva hageuzi usukani kuja huku. Simlaumu. Aprili 2024 kule Arusha gari la wanafunzi lilisombwa na maji kwenye korongo, watoto wakafa. Ile habari niliisoma nikiwa nimekaa kitandani kwa mwanangu. Tangu siku hiyo dereva akisema hapa sipiti, mimi nasema asante.

Ila hela ya gari haikushuka. Inapangwa kwa umbali, na sisi ndio wa mwisho kwenye ruti, kwa hiyo tunalipa kuliko wote. Binti yangu anapanda saa kumi na moja na robo akiwa peke yake. Kisha gari linazunguka kwenye mashamba ya chai, sokoni, stendi, na kwenye nyumba za walimu, likifika shuleni saa moja na nusu. Jioni hivyo hivyo, kinyume chake. Shule inafunga saa tisa na nusu, yeye ananishukia saa kumi na mbili, giza linaanza kuingia.

Najua kuna atakayesema nimejitakia. Shule ya kijiji ipo, dakika ishirini kwa miguu, na haina ada. Mimi mwenyewe nimesoma pale. Nimejitakia, sawa. Nilitaka ajue kusoma akiwa darasa la kwanza, si la nne kama mimi. Halafu hilo la umbali hulikimbii, unaliahirisha tu. Kaka yake mwakani anaingia shule ya kata, kilomita saba, na huko hakuna gari la mtu yeyote. Majirani wenye mabinti wanawapangia geto karibu na shule, mtoto wa miaka kumi na minne anapika na kulala peke yake na kitasa cha elfu tatu. Nyote mnajua yanayotokea huko, siandiki.

Jana gari halikuja. Tulisimama pale lami, mimi, yeye na watoto wawili wa jirani, hadi saa kumi na mbili na nusu ndipo ujumbe ukaingia kwenye grupu: "Wazazi wa ruti ya juu kamweneni, hamjambo, gari leo ni bovu, tunaomba mtusaidie kuwaleta watoto. Samahanini." Kuwaleta kwa nini? Kwa mgongo? Ikapatikana bodaboda moja, elfu sita. Nikawapakia mshikaki, watatu, wangu katikati. Mimi huyu huyu ninayewafokea vijana wa boda wakipakia watatu. Nilisimama hadi taa nyekundu ikapotea kwenye ukungu, kisha nikarudi kuchimba viazi nikiwa na simu mkononi.

Jioni gari likawa limepona, likawarudisha watoto, na grupu likawaka. Baba mmoja wa huko mjini alikuwa amehesabu watoto wakishuka: 29, kwenye Hiace. Akaandika kwa hasira, na alikuwa na haki. Akakumbusha ile ajali ya gari la wanafunzi kule Karatu, ya 6 Mei 2017, walikufa watoto 32, walimu wawili na dereva. Nilikuwa sijamzaa huyu, lakini majeneza yale nayakumbuka. Wazazi wakaanza kumuunga mkono mmoja mmoja. Ndipo msimamizi wa usafiri akajibu kwa upole kabisa: watoto wakipunguzwa, gari litabaki na ruti za karibu, kwa sababu ile ya juu inakula mafuta.

Ile ya juu ni mimi.

Nikaandika, "Naunga mkono, usalama kwanza." Nikafuta. Nikaandika, "Tuwe na subira wazazi wenzangu." Hiyo nayo nikafuta, niliona aibu. Nikaweka simu chini. Mwanangu anapata siti, nikajiambia, si wa kwanza kupanda? Wanaobanana ni hao wanaopandia mjini. Sijui kama niliwahi kuwaza jambo la ovyo kuliko hilo.

Nikamwita nimvue sare. Sketi ilikuwa imelowa nyuma na ina harufu ya mkojo, mara ya tatu mwezi huu. Mara mbili za mwanzo nilimgombeza. Nikamwambia darasa la pili hakojoi mtu, wenzako wakijua watakucheka.

"Si mimi, mama."

"Ni nani sasa?"

"Ni yule wa chekechea. Huwa nampakata. Dada wa gari anasema sisi tuliokaa mwanzo ndio tupakate. Akilala anakojoaga."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unafoka."

Nikaifua usiku ule ule kwa maji ya moto. Anazo sketi mbili, na nyingine ilikuwa bado mbichi, kwa hiyo nikaitundika hii juu ya jiko la mkaa, nikakaa naigeuza upande huu na upande huu hadi saa tano. Saa kumi na nusu ilipofika, mkanda wa kiunoni ulikuwa bado haujakauka. Nikamvalisha hivyo hivyo.