Nilivyojifunza Kichina Huku Nikiendesha Biashara ya Programu

Biashara yangu haina ofisi. Ninatengeneza programu za kutunza hesabu za maduka, na kwa kuwa wateja wangu wengi wako Kariakoo, katika mitaa ya Kongo na Msimbazi, kompyuta yangu hufunguliwa juu ya kaunta ya yeyote aliyepata shida siku hiyo. Sikusoma chuo kikuu wala sijawahi kutafuta mwekezaji. Fedha ambazo wenzangu huzimalizia kwenye pango na samani, mimi niliziingiza katika kujifunza lugha, jambo ambalo jamaa zangu waliliona ni anasa.

Nilianza na Kichina kwa sababu ya mashine za kuchapia risiti. Nilizokuwa nikiagiza, za karatasi ya milimita 58 na 80, zilitoka Shenzhen, na miongozo yake ya kiufundi ilikuwa ama ya Kichina kitupu, ama ya Kiingereza kilichotafsiriwa ovyo kiasi kwamba amri ya kukata karatasi haikutofautiana na ile ya kufungua droo ya fedha.

Kilichonitesa zaidi ni matamshi. Sisi tumezoea kuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali katika Kichina sanifu toni nne, yaani namna sauti inavyopanda na kushuka katika silabi, ndizo zinazobeba maana. Nilijirekodi kwenye simu nikirudia sentensi za mwalimu, kisha nikazisikiliza sauti zetu mbili zikifuatana. Ni kazi inayochosha, na inatia haya kidogo, lakini hakuna iliyonifaa kuliko hiyo.

Kwa msamiati nilitumia utaratibu wa visanduku alioueleza Sebastian Leitner mwaka 1972: neno ulilolikumbuka husogea kisanduku cha mbele na kurudiwa baada ya muda mrefu zaidi, na ulilolisahau hurejeshwa cha kwanza. Programu za bure za namna hiyo zipo, Anki ikiwa mojawapo, ila niliandika yangu ili ichukue maneno kutoka katika oda zangu mwenyewe.

Namba nazo zilitaka mazoezi ya peke yake, kwa sababu Wachina hupanga hesabu kubwa kwa elfu kumi kumi, hivyo laki moja na elfu ishirini kwao ni elfu kumi mara kumi na mbili, na muuzaji hakusubiri upige hesabu kichwani. Nilikuwa nikimpigia saa kumi na moja alfajiri, wakati kwao ni saa nne asubuhi, nikitaja bei zote bila mkalimani.

Mikataba bado ninampelekea mtu anayeisoma vizuri kuliko mimi. Sasa nimeanza Kifaransa, kwa kuwa wafanyabiashara wa Lubumbashi wanaofuata bidhaa Kariakoo wameiulizia programu yangu. Tunaelewana vizuri kwa Kiswahili, ila risiti wanataka ziandikwe Kifaransa.