Anza na Taa ya Nje

Watu wengi wanaotaka kuhamia kwenye balbu za LED huanzia sebuleni, kwa kuwa ndiko wanakoshinda na ndiko wageni wanakofikia. Kwa nilivyoona nyumbani kwetu hapa Dar es Salaam, hesabu inapaswa kuanzia nje, kwenye taa ya ulinzi iliyofungwa ukutani. Kwetu giza huingia kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni, na urefu wa usiku hukaribia saa 12 mwaka mzima bila tofauti kubwa, kwa hiyo taa hiyo huwaka mpaka alfajiri ilhali ya chumbani huenda isiwake hata kwa muda wa saa tatu.

Balbu ya zamani ya wati 60, ile yenye kijiwaya kinachong'aa ndani ya kioo, ikiwaka saa 12 hula uniti 0.72 kwa usiku mmoja, yaani zaidi ya uniti 21 kwa mwezi. Balbu ya LED ya wati 9, ambayo mwanga wake wa takriban lumeni 800 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga) ni sawa na wa ile ya zamani, hula uniti tatu na ushee kwa muda huo huo. Kwa mteja wa LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, aliye kwenye kundi la matumizi madogo, ambalo ukomo wake ni wastani wa uniti 75 kwa mwezi, taa moja tu ya nje ya aina ya zamani imeshakula zaidi ya robo ya fungu lake kabla hajagusa jokofu wala pasi, na akivuka ukomo huo huhamishiwa kwenye kundi ambalo uniti ni ghali zaidi kwa mbali. Katika nyumba za kupanga zenye mita moja, ambako kila chumba huchangia umeme na lawama hazikosekani, taa ya nje haina mwenyewe na hakuna anayejali inakula kiasi gani. Ningemshauri mwenye nyumba yeyote abadilishe hiyo kabla ya kitu kingine chochote.

Balbu ya zamani hula umeme kiasi hicho kwa sababu sehemu kubwa mno ya umeme wake, asilimia 90 au zaidi, huishia kuwa joto. LED haichomi waya. Umeme hupita katika kipande kidogo cha nusukipitishi, yaani kitu kinachopitisha umeme kwa kiasi tu, kinachotoa mwanga wa buluu, na utando wa njano uliopakwa juu yake huugeuza mwanga huo kuwa mweupe. Ugunduzi wa kipande hicho cha buluu uliwapatia Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014, na kwa maoni yangu ni tuzo chache zilizoingia katika nyumba za watu wa kawaida kama hiyo.

Dukani, usiulize wati peke yake. Soma lumeni kwenye boksi, kwa sababu balbu mbili za wati 9 zinaweza kutofautiana sana kwa mwanga. Soma pia rangi ya mwanga: 2700K ni wa njano tulivu unaofaa chumbani, 6500K ni mweupe mkali. Jikoni tuliweka mweupe, na mama alikuwa wa kwanza kuusifu, kwani sasa anachagua mchele usiku na kuona kijiwe kidogo kabisa kwenye ungo bila kuusogeza mlangoni.

Balbu ya LED nayo hufa, na mara nyingi kinachoiua ni joto. Fundi wetu aliwahi kufungua iliyozimika mbele yangu: ndani mlikuwa na kibati cha duara chenye vipande vidogo vya njano vilivyopangwa kwa kufuatana, na kimoja tu kati yake kilikuwa na doa jeusi katikati. Vimeungwa mfululizo, hivyo kimoja kikiungua njia ya umeme hukatika na vyote huzimika. Balbu hiyo ilikuwa imefungiwa ndani ya globu ya kioo isiyopitisha hewa. Tangu hapo globu za namna hiyo tumeziondoa, isipokuwa ya barazani inayopigwa na mvua, ambako tuliweka balbu iliyoandikwa kuwa inafaa kwenye taa zilizofungwa.

Zimebaki tyubulaiti za korido na za stoo. Hizo zina zebaki, ambayo ni sumu, na nchi zilizoridhia Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana mwaka 2023 kukomesha utengenezaji na biashara yake ifikapo 2027, baada ya nchi za Afrika kulisukuma jambo hilo kwa nguvu. Tyubu za LED huingia kwenye fremu zile zile, lakini nyingi huhitaji choki na stata, vile vifaa vya kuwashia tyubu ya zamani, viondolewe na nyaya ziungwe upya, kazi ambayo ni ya fundi umeme, huku swichi kuu ikiwa imezimwa. Zile za zamani hatuzivunji wala kuzitupa jalalani. Tumezifunga kwenye maboksi yake na kuziweka juu ya kabati, mahali ambapo watoto hawafiki, mpaka tupate wanaopokea taka za aina hiyo.