Majibu ya Barazani Baada ya Pepa ya Kwanza

Mtihani wa taifa wa kidato cha sita ni mmoja kwa Muungano mzima, na kwa sababu hiyo kijana wa Wete anayetoka kwenye pepa ya kwanza ya Hisabati ya Juu hakosi watu wa kulinganisha nao majibu. Anao wenzake wa dahalia, anaye binamu yake anayesoma Unguja, na kwa kuazima simu ya kaka yake anaweza kupata, kabla ya laasiri, jibu linalosemekana limetoka Kibaha au Ilboru, shule za Bara zinazosifika kwa wanafunzi hodari. (Jibu likishasemwa kuwa limetoka Kibaha, ubishi hupungua nusu yake papo hapo, hata kama hakuna anayemjua aliyelituma.) Mimi nasomesha tuisheni ya somo hilo nyakati za jioni, kwa hiyo ubishi huo huishia barazani kwangu kila mwaka, na kila mwaka huniacha na mawazo yale yale.

Walimu wengi huikataza tabia hii. Husema kwamba maji yakimwagika hayazoleki, na kwamba saa za kubishana juu ya pepa iliyokwisha zingetumika kuisomea ile inayokuja. Hoja yao ina uzito, kwani nimewahi kuwaona vijana wakipoteza usiku mzima kwa ajili ya swali moja. Lakini naona katazo hilo linachanganya mambo mawili yasiyofanana: kulinganisha jibu la mwisho, na kulinganisha njia. La kwanza lina faida ndogo sana na madhara mengi. La pili ni darasa ambalo mwalimu yeyote angetamani kulipata, kwa sababu hakuna siku nyingine ambayo wanafunzi wote wamelifanya swali lile lile, kwa muda ule ule, na wana hamu ya kweli ya kujua nani amepatia.

Nianze na udhaifu wa jibu la mwisho. Tuseme swali limetaka intigrali ya sin x cos x. Mmoja atakuja na ½ sin²x + c, wa pili atakuja na −½ cos²x + c, na wa tatu, aliyeanza kwa kuigeuza kuwa pembe maradufu, atakuja na −¼ cos 2x + c. Barazani majibu haya huhesabiwa kuwa matatu, na wawili kati ya watatu hurudi nyumbani wakiwa wameinamisha vichwa. Ukweli ni kwamba wote wamepatia. ½ sin²x ni sawa na ¼ − ¼ cos 2x, na ile robo iliyozidi humezwa na c, ambayo ni namba isiyobadilika na inaweza kuwa yoyote. Anayelinganisha mstari wa mwisho peke yake hawezi kuliona hilo, ilhali anayeufunua mstari wa pili na wa tatu wa mwenzake hulitambua mara moja, na akishalitambua huwa amekielewa kile kiherufi c kuliko alivyokielewa kwa miaka miwili ya kuandika kwa mazoea.

Kisa kilicho kinyume chake ni kibaya zaidi, nacho ni cha majibu yanayofanana ilhali yote yamekosewa. Katika mbinu za kinamba, mtahiniwa huweza kutakiwa akadirie eneo lililo chini ya mchoro kwa kanuni ya trapeza akitumia ordineti tano, yaani vimo vitano vya mchoro huo. Ordineti tano huzaa vipande vinne, si vitano, kama vile nguzo tano za ua zinavyoacha nafasi nne katikati yake. Chukua mfano wa 1/(1+x²) kuanzia 0 hadi 1. Kwa vipande vinne utapata 0.7828, na kwa vipande vitano utapata 0.7837. Tofauti ni ndogo mno kiasi kwamba haimshitui mtu, na wanafunzi wanne waliosomeshwa pamoja na kukosea pamoja watapata 0.7837 kwa umoja wao, kisha watamhurumia yule wa tano mwenye 0.7828 ambaye ndiye aliyefuata alichoulizwa. Kura za barazani hazina nguvu mbele ya hesabu. Nikiletewa ubishi wa aina hiyo, siulizi ni wangapi waliopata hivi na wangapi waliopata vile, bali huuliza h ya kila mmoja, yaani upana wa kipande kimoja, ilikuwa ngapi, na ubishi huisha kabla chai haijapoa. Aliye hodari zaidi huongeza kwamba thamani halisi ni robo ya π, yaani 0.7854 kwa kukaribisha, na kwamba kanuni ya Simpson kwa vipande vile vile vinne ingemfikisha kwenye 0.7854 hiyo hiyo. Hapo mazungumzo huwa yamekwisha kuhama kutoka kwenye alama na kuingia kwenye hesabu.

Mambo haya yana uzito kwa sababu ya namna pepa zenyewe zilivyopangwa. Pepa ya kwanza ina maswali kumi, kila moja lina alama kumi, na yote ni ya lazima. Maelekezo yake humtaka mtahiniwa aonyeshe kazi yake yote kwa uwazi, na maelekezo hayo si mapambo, kwa kuwa msahihishaji hutoa alama kwa hatua. Anayepata jibu lisilo sahihi kutokana na kosa la kujumlisha katika mstari wa nane hapotezi alama zote kumi. Hata hivyo, vijana wakikaa barazani hujisahihisha kwa ukali ambao Baraza la Mitihani halinao: jibu tofauti ni sifuri, jibu sawa ni kumi, kisha wanajumlisha na kujitangazia daraja. Nimemsikia binti mmoja akijihesabia thelathini na kulia kwamba hata S, daraja la chini kabisa kabla ya kufeli, inayoanzia alama 35, hakuifikia. Nilimwomba aniandikie upya maswali mawili kati ya yale aliyojipa sifuri. Katika yote mawili njia ilikuwa safi hadi karibu na mwisho.

Machozi hayo yana gharama, na hapa ndipo ninapokubaliana na walimu wanaokataza. Pepa ya pili haifanani na ya kwanza. Sehemu A ina maswali manne ya lazima yenye alama 15 kila moja, na sehemu B ina maswali manne ambayo mtahiniwa huchagua mawili, kila moja likiwa na alama 20. Kuchagua kunataka moyo uliotulia. Kijana aliyeambiwa barazani kwamba ameharibu intigrali huingia kwenye pepa ya pili akiwa ameshaapa kwamba hatagusa milinganyo tofautishi (differential equations), ambayo nayo hudai intigrali, hata kama swali la mwaka huo ni jepesi na yeye ameliandaa vizuri, kisha hukimbilia swali jingine la mada ambayo hakuisoma sana. Alama 40 huamuliwa na uvumi.

Lakini pepa hiyo hiyo ya pili ndiyo inayonizuia nisiwaunge mkono moja kwa moja. Lipo kosa moja ambalo hugunduliwa kwa kulinganisha tu, nalo ni la kalkuleta iliyoachwa kwenye digrii wakati swali linataka radiani, kile kipimo kingine cha pembe. Eneo lililo chini ya cos x kuanzia 0 hadi 1 ni sin 1, ambayo kwa radiani ni 0.8415. Kalkuleta iliyo kwenye digrii itatoa 0.0175, na mtahiniwa aliyechoka ataiandika hivyo hivyo bila kujiuliza inawezekanaje eneo liwe dogo kiasi hicho ilhali mchoro wenyewe haushuki chini ya nusu katika masafa yote hayo. Mwenye kalkuleta hawezi kuligundua kosa hilo peke yake, kwani akirudia hesabu nyumbani kwa mashine ile ile iliyopangwa vile vile atapata jibu lile lile na kuzidi kujiamini. Anahitaji mtu mwenye 0.8415 akae ubavuni mwake. Akishaligundua baada ya pepa ya kwanza, ataingia kwenye ya pili, yenye trigonometria na namba changamano, akiwa na kifaa kilichopangwa sawasawa.

Kwa hiyo barazani kwangu nimeweka utaratibu, na vijana wameuzoea ingawa hawaupendi. Kati ya pepa ya kwanza na ya pili hakuna kujumlisha alama, na hakuna kusoma majibu kutoka kwenye simu, yawe ya Kibaha au ya wapi. Anayetaka kulinganisha swali huliandika lote ubaoni tangu mstari wa kwanza, na mwenzake akiona tofauti huisimamisha chaki pale tofauti ilipoanzia. Maswali matatu kwa jioni yanatosha. Baada ya pepa ya pili wako huru kubishana mpaka alfajiri.

Mabuku ya majibu yenyewe hawatayaona tena. Kilicho karibu nayo ni taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa ambazo Baraza la Mitihani huzichapisha somo kwa somo, ndani yake mkiwa na picha za kazi za watahiniwa kwa hati za mikono yao, mmoja aliyepatia na mwingine aliyekosea, pamoja na maelezo ya wapi alipotoka njiani. Wanafunzi wangu wa kidato cha tano huzisoma kwa shauku kuliko kitabu cha kiada, na wiki iliyopita walinizuia hadi magharibi kwa sababu ya kazi moja iliyokosewa ambayo wao, wote kwa pamoja, waliiona ni sahihi.