Mnara wa Azania Front na Bandari ya Dar es Salaam

Msafiri anayeingia Dar es Salaam kwa boti kutoka Zanzibar hupita kwanza katika lango jembamba la bandari, akiiacha Kigamboni kushoto, na muda mfupi baadaye huona upande wa kulia mnara wa kengele wenye paa la vigae vyekundu. Hilo ndilo kanisa la usharika wa Azania Front, ambalo pia ni Kanisa Kuu la Dayosisi ya Mashariki na Pwani ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT). Nimelitazama mara nyingi kutoka barabarani, lakini naamini kwamba uzuri wake hueleweka vizuri zaidi kwa mtu aliye majini.

Wamisionari wa Kijerumani walianza kulijenga mwaka 1898, miaka saba baada ya serikali ya kikoloni kuhamishia makao yake hapa kutoka Bagamoyo. Wakati huohuo, hatua chache tu kwenye barabara hiyohiyo ya ufukweni, Wakatoliki walikuwa wakijenga kanisa la Mtakatifu Yosefu, lenye mnara uliochongoka. Azania Front halikushindana nalo kwa urefu. Umbo lake ni la makanisa ya Ujerumani, kuta zake ni nyeupe, na juu ya madirisha ya mnara vimejengwa vipaa vidogo vya vigae, ambavyo kwangu ndivyo sehemu bora ya jengo zima: vinakinga jua kali la mchana na mvua za masika zinazosukumwa na upepo wa bahari, na papo hapo vinaupa mnara huo, ambao bila vipaa hivyo ungekuwa mzito, wepesi unaoonekana hata kwa mbali. Ni pambo lenye kazi, jambo ambalo majengo mengi mapya ya vioo mjini yamelisahau.

Ndani, mtindo ni wa Kigothi, yaani wa makanisa ya kale ya Ulaya yenye matao yaliyochongoka, na hauna mbwembwe, ingawa kinanda kikubwa cha filimbi, kilichotengenezwa kwa mkono na kufungwa miaka ya karibuni, kinastahili kusikilizwa na kila apendaye muziki wa ibada.

Kinachonitia wasiwasi ni mazingira yake. Nyuma ya kanisa maghorofa yamepanda hadi kuufanya mnara uonekane mdogo, na kelele za magari ya Posta na Kivukoni hazikomi. Upande wa nyuma hauwezi kurudishwa tena. Upande wa maji bado unaweza kuokolewa. Ningependa wapangaji wa mji waweke masharti ya wazi kuhusu urefu wa chochote kitakachojengwa kati ya kanisa na bandari, na kuyasimamia kabla mwekezaji wa kwanza hajaleta michoro yake, kwa sababu mnara uliojengwa kutazama maji hauna badala yake ukishazibwa.