Kiberiti cha Peel na meka ya mama

Jumamosi iliyopita nilikaa na mama kwenye meza yake, soko la mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi, Kongo, nikimsaidia kupima unga. Meka, kile kipimo chetu cha unga, ilikuwa imepanda bei tena. Malori yakikwama Kasumbalesa mpakani, au Zambia ikifungia mahindi yake, habari tunazipata sufuriani kabla ya redio. Mteja mmoja akaitazama meka, akamtazama manseba, dereva wa pikipiki ya abiria, aliyeegesha hapo kando, akasema kwa sauti: "Ni bale ba Kasai. Banashuka na treni kila siku, banamaliza bunga yetu."

Alimaanisha watu waliotoka Kasai, eneo jingine la Kongo. Kijana yule wa pikipiki alijifanya hakusikia. Mama akapitisha kiganja juu ya meka, akaisawazisha, akamwagia mteja unga wake mfukoni bila neno.

Nafundisha historia sekondari, na juma lile nilikuwa naandaa somo la njaa kuu ya Ayalandi. Waayalandi si wageni sana kwetu. Mimi ni mtoto wa Likasi, na Septemba 1961, mji ukiwa bado unaitwa Jadotville, kikosi cha Waayalandi wapatao 150 wa Umoja wa Mataifa kilizingirwa pale na askari wa Katanga, jimbo lililokuwa limejitenga na Kongo, kikapigana siku kadhaa mpaka risasi na maji vikaisha. Wazee wa kwetu wanaisimulia mpaka leo, kila mzee na hesabu yake.

Ila njaa yao hatuijui. Ilianza 1845, ugonjwa ulipoviozesha viazi ardhini. Maskini wa Ayalandi alikuwa akila viazi asubuhi, mchana na jioni, kwa kuwa kipande alichokodi hakikutosha kulima kitu kingine cha kushibisha watoto. Ngano na ng'ombe walikuwepo, lakini hivyo vilikuwa vya kulipia kodi ya shamba, na viliendelea kupakiwa melini kwenda Uingereza watu wakifa. Hadi 1852 walikuwa wamekufa watu kama milioni moja, na wengine zaidi ya milioni wamehama. Sensa ya 1841 ilihesabu watu milioni 8 na ushei. Ile ya 1851, milioni 6 na nusu.

Hapa kuna jambo litakalomchekesha mama. Waziri Mkuu Robert Peel aliagiza kwa siri mahindi kutoka Marekani, ya paundi 100,000. Mahindi ya njano, magumu kama changarawe, yakapelekwa kwa watu wasiojua bukari, yaani ugali, ni nini, wala hawakuwa na mashine za kutosha za kuyasaga. Waliyapika nusunusu, matumbo yakawakata. Wakayaita kiberiti cha Peel, kiberiti kile cha Sodoma na Gomora, kwa rangi yake. Sisi hapa tunayakunjia uso mahindi ya njano hata yakisagwa vizuri, basi nawaelewa. Hata hivyo Peel alileta kitu. Serikali iliyomfuata 1846 ilishikilia kwamba soko litajirekebisha lenyewe, na Charles Trevelyan, mkubwa wa Hazina aliyesimamia misaada, aliona katika njaa ile mkono wa Mungu unaowafunza Waayalandi. Mwaka 1848 akapewa cheo cha Sir.

Tangu 1801 Ayalandi na Uingereza zilikuwa dola moja, bunge moja London. Lakini 1847, njaa ilipokuwa kali kuliko wakati wowote, sheria ikapitishwa kwamba maskini wa Ayalandi walishwe kwa kodi ya Ayalandi yenyewe. Dola moja siku ya kukusanya, mbili siku ya kugawa. Mkongomani hahitaji kufafanuliwa hapo.

Mwaka huohuo Waayalandi kama 300,000 walishukia Liverpool. Wengi walikuwa njiani kwenda Marekani. Waliobaki walijazana kwenye vyumba vya chini ya ardhi, homa ya chawa ikawashika, na watu wa mji wakaiita homa ya Waayalandi, kana kwamba chawa ana kabila. Mapadri kumi waliokuwa wakiwahudumia wagonjwa walikufa mwaka ule mmoja. Kwenye kazi za reli, vibarua Waingereza waliona hawa wanashusha mishahara. Februari 1846, karibu na Penrith, walipigana vibaya mno hata askari wakaitwa. Mwenye reli hakupigwa na yeyote. Na maelfu waliokutwa hawana kitu Liverpool walipandishwa meli, kwa sheria, wakarudishwa kwenye njaa waliyoikimbia.

Hapo ndipo kalamu ilinisimama.

Mwaka 1992 nilikuwa na miaka tisa. Migodi ilikuwa inakufa, mishahara haifiki, pesa inaoza mfukoni. Tukaanza kusikia majirani wa Kasai wakiitwa bilulu, wadudu. Babu zao waliletwa na Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, kufanya kazi; wao wenyewe walizaliwa Likasi, na Kasai wengine hawajawahi kuiona. Wakafukuzwa majumbani, wakalala stesheni majuma na miezi wakingoja treni, na wengi, hasa watoto, walifia palepale. Rafiki yangu wa darasani aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu alikuwa miongoni mwa waliongoja. Sijui alishukia wapi.

Kabla hawajatoka, mama yake alipita nyumba kwa nyumba na cherehani kichwani. Mama yangu aliichukua kwa bei ya mifuko miwili ya unga.

Katika vitabu vya njaa ya Ayalandi kuna sura ambayo nyimbo zao, naambiwa, hupita haraka. Vishamba vya chini ya ekari tano vilipungua sana miaka ile, mashamba makubwa yakaongezeka, na si yote yaliyokwenda kwa Waingereza. Mengine yalichukuliwa na jirani Mwayalandi aliyekuwa na akiba kidogo wakati mwenzake hana.

Ile cherehani bado iko kwa mama, chini ya kitambaa cha maua. Jumamosi jioni, tukihesabu pesa, nikamuuliza kuhusu yule mama wa nyumba ya tatu. Aliendelea kunyoosha noti.

"Tuliuzaka ile," akasema. "Hatukuiba."

Msomaji wa Dar au Mombasa asishangae: kwetu Lubumbashi kuuza ni kununua, na kuuza tunasema kuuzisha. Mama alimaanisha waliinunua. Akafunga noti kwa mpira, akaniambia nibebe meza.

Yule manseba ndiye aliyetupeleka nyumbani, mimi na mama na mfuko wa unga uliobaki. Mama alimlipa bei aliyotaja, bila kupunguziwa, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya.