Nimpe nini cha kusubiria?

Dominika ya tatu ya Majilio, kipindi chetu Wakatoliki cha kungojea Krismasi, Desemba 14, zamu ya kusoma kanisani ni ya jumuiya yetu, na somo la pili limeniangukia mimi. Mwenyekiti anasema mwalimu hakwami njiani, hata akistaafu. Somo lenyewe ni fupi, Yakobo sura ya 5 kuanzia mstari wa 7 mpaka wa 10. Vumilieni mpaka kuja kwake Bwana, anasema Yakobo, kisha anatuonyesha mkulima anayengoja mazao ya nchi, anayevumilia "hata yatakapopata mvua ya kwanza na ya mwisho".

Wewe msomaji uliye Dar unaweza kulisikia somo hilo likapita zake. Huku kwetu Ndanda, mkoani Mtwara, chini ya uwanda wa Makonde, kulisoma katikati ya Desemba kunataka ujasiri. Sisi hatuna vuli na masika kama wenzetu wa kaskazini. Tuna msimu mmoja tu wa mvua, unaoingia mwishoni mwa Novemba, au Desemba ukipenda, na kuondoka Aprili au Mei. Wiki hizi mawingu yanajikusanya mchana juu ya mlima, joto linapanda mpaka kuku wanahema, halafu jioni yanatawanyika bila tone. Wapo waliokwisha kufukia mahindi kwenye vumbi. Wapo wanaosema hapana, ardhi ilowe kwanza, mbegu ni ghali. Kwa hiyo nikisimama pale mbele nikatamka "mkulima hungoja", najua kuna mzee benchi la nyuma atanijibu moyoni: tunangoja, Mwalimu, kwani unatuona tunafanya nini?

Nina tabia iliyonikaa tangu chuo cha ualimu. Nikipewa kipande cha maandishi, nasoma na kilichotangulia. Nikapanda juu kidogo katika sura hiyo hiyo. Kabla Yakobo hajamwambia yeyote avumilie, amekwisha kuwageukia matajiri na kuwafokea. Mstari wa 4 unasema ujira wa waliovuna mashamba yao, ule waliouzuia kwa hila, unapiga kelele, na vilio vya wavunaji vimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Mistari hiyo haimo katika somo la siku. Tunaanzia pale wanapoambiwa wavumilie. Sijui kama ni haki sana kwa Yakobo mwenyewe, maana alianza na deni, uvumilivu ukaja nyuma yake.

Na sisi watu wa kusini tunajua ujira uliozuiwa unaweza kuzaa nini. Vita vya Majimaji vilianza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, huko Kilwa, na sababu iliyo karibu kabisa ilikuwa mashamba ya pamba ya kulazimishwa na malipo duni. Watu waliokuwa wamechoka kungoja walipewa maji ya Kinjikitile Ngwale na tumaini kwamba risasi za Wajerumani zitageuka maji. Mwezi wa Agosti askofu Cassian Spiss na wenzake waliuawa njiani upande wa Liwale, misheni za Nyangao na Lukuledi zikachomwa. Ndanda yetu ilianzishwa mwaka uliofuata, 1906, na baada ya vita ikaja njaa iliyoua watu wengi kuliko risasi. Nilipokuwa nafundisha historia darasa la sita nilikuwa napita hapo haraka kwa sababu ya mtihani. Sasa sina mtihani, na ninajiuliza mtu anayewahubiria waliodhulumiwa subira tu, anategemea wafanye nini na ile dhuluma.

Lakini nisiende mbali, kilio cha mvunaji kipo mlangoni kwangu.

Majilio huku yanakuja katikati ya msimu. Kwetu ukisema msimu bila kuongeza neno, watu wanajua ni korosho. Kuanzia Oktoba zinaanguka, tunaokota, tunatenganisha na mabibo, tunaanika, tunapeleka chama cha msingi cha ushirika, zinapimwa, zinaingia ghalani, mnada unafanyika, halafu unangoja pesa kwenye akaunti. Hewa yote inanuka mabibo, na kila mtaa kuna anayetengeneza uraka, pombe ya mabibo. (Padre ana mahubiri yake ya uraka, yanarudi kila Majilio kama ile rangi ya zambarau. Sina ugomvi nayo, ila wanaoyahitaji hawapo kanisani saa hiyo.) Sherehe zote zilizokuwa zinasubiri pesa zinafanyika sasa. Vitenge vinanunuliwa, bodaboda mpya zinaonekana, watoto wanaahidiwa viatu vya Krismasi. Wenzetu wa nchi nyingine wanaambiwa Majilio ni wakati wa giza na baridi. Sisi ni wakati wa joto na hela. Mishumaa minne ya shada inayeyuka na kuinama hata kabla haijawashwa.

Hela hizo hazifiki kwa wote. Kuna waliokwisha kuuza korosho zao tangu zikiwa maua.

Hiyo ndiyo kangomba. Kwa wasio wa huku: ni mtu anakuja kijijini miezi ya ukata, Agosti, Septemba, anakupa pesa mkononi, na wewe unamwahidi korosho zikianguka. Au anakuja na kopo lake badala ya mizani, anapima anavyotaka. Bei yake unaijua mwenyewe kwamba ni wizi, na serikali inakataza kila mwaka, na kila mwaka yupo. Huwa tunawasema wanaouza kangomba kuwa ni wavivu wa kufikiri, hawana subira. Nimeyasikia hayo kwenye mkutano wa chama, nimeyasikia mimbarini.

Mwezi wa tisa mwaka huu jirani yangu, mjane, alikuja kunieleza kwamba kuna kijana amemfuata na pesa. Mtoto wake amechaguliwa shule ya mbali, anataka godoro, sanduku, nauli, na kile kikaratasi cha mahitaji ambacho kila mzazi anakijua. Nikaanza somo. Nikamwambia, "Dada yangu, subiri. Mnada wa kwanza ni Oktoba. Ukiuza sasa unajinyonga." Akaniacha nimalize, maana ni mtu wa adabu, halafu akasema:

"Mwalimu, nimekusikia. Sasa unanipa nini cha kusubiria?"

Sikuwa na jibu, nikamkaribisha chai.

Baada ya kuondoka nilikaa nikipiga hesabu zangu. Mimi siuzi kangomba. Tangu nistaafu sijawahi, na nilikuwa najiona mkulima mwenye nidhamu. Lakini mimi kila mwezi inaingia pensheni. Ndogo, lakini inaingia. Chumvi, sabuni, dawa ya presha, vocha, vyote vinatoka huko, na korosho zangu zinakaa zikisubiri bei. Hiyo ninayoiita subira yangu, ukiikwangua kidogo unaikuta pensheni chini yake. Huyu dada angekuwa nayo angesubiri kunishinda.

Msimu wa 2018/19 tulionja sote. Bei ilitangazwa shilingi 3,300 kwa kilo, malori ya jeshi yakaja kubeba, tukashangilia, kisha wengi wakaingia Krismasi na kutoka bila senti kwenye akaunti. Mwaka ule kanisani hakuna aliyehitaji kuelezwa Majilio ni nini. Ninachokumbuka ni nani alikula na nani hakula. Waliokuwa na mtu mwenye mshahara ndani ya nyumba walivuka. Wengine waliuza mbuzi, wakauza bati walizokuwa wamenunua kuezekea.

Injili ya Dominika hiyo ya tatu ni Mathayo 11, Yohana Mbatizaji akiwa gerezani. Dominika iliyotangulia alikuwa nyikani anawaka moto, shoka limekwisha kuwekwa penye mizizi ya miti. Sasa amefungwa, anawatuma wanafunzi wake waulize: "Wewe ndiye yule ajaye, au tumtazamie mwingine?" Ni siku ambayo padre anavaa rangi ya waridi, tunaambiwa tufurahi, na Injili inatuletea nabii aliyeanza kuwa na wasiwasi. Nampenda sana Yohana wa hapo kuliko yule wa nyikani. Amengoja, amewaambia wengine wangoje, na sasa anauliza kama alingoja mtu sahihi.

Yesu hamfokei. Hamwambii "vumilia". Anawaambia wale wajumbe warudi wakamweleze wanayoyasikia na kuyaona: vipofu wanaona, viwete wanatembea, wenye ukoma wanatakaswa, maskini wanahubiriwa habari njema. Gereza halikufunguka, tunajua Yohana aliishia wapi. Lakini alitumiwa kitu. Aliyekuwa anangojewa alimpa anayengoja cha kusubiria. Nimeisoma Injili hiyo miaka mingi na sikuwahi kuliona hilo mpaka yule dada aliponiuliza swali lake, na yeye wala si Mkristo, Ijumaa anakwenda zake msikitini.

Na huyo Yohana, Majilio ya mwaka jana tulimsoma katika Luka sura ya 3. Watu wakamwuliza tufanye nini. Hakuwaambia wakae kimya wakitafakari. Mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo, mwenye chakula vivyo hivyo. Watoza ushuru wasitoze zaidi ya walivyoagizwa. Ukiileta huku kwetu hiyo inafika mpaka kwenye mizani ya korosho, na karani anayeshikilia mizani anajua.

Mwaka huu niliweka mama mmoja wa kuniokotea, ametoka ng'ambo ya Mto Ruvuma, upande wa Msumbiji. Wako wengi wanaokuja msimu. Makubaliano ya kawaida ni kwamba pesa yako utaipata bosi akilipwa, yaani mwokotaji anasubiri mnada ambao hana korosho ndani yake. Wiki iliyopita akaniambia anataka kurudi kwao kabla mto haujajaa. Akaunti yangu ilikuwa haijasoma kitu. Nilichukua ya pensheni nikaongeza niliyokuwa nimetenga ya kitenge cha WAWATA, umoja wetu wa wanawake Wakatoliki, nikamlipa yote. Sare ya mwaka jana bado inanikaa, kidogo inabana. Alipohesabu akatoa noti moja akaniuliza kama nimezidisha. Sikuwa nimezidisha, alizoea kupunjwa.

Nikiliunganisha lote, nimefika mahali pamoja. Tunapenda kusema Majilio ni kipindi cha maandalizi, na kila mtu anajiandaa kivyake: anaungama, anapaka chokaa, anamshonea mtoto gauni. Vyote vizuri, na mimi nitaungama na nitapaka. Lakini tumaini lina gharama za uendeshaji. Kuna mtu anayeweza kuamini kwamba mambo yatakuwa mema Oktoba kwa sababu ana unga wa kumfikisha Oktoba, na kuna mwingine ambaye imani yake ni kubwa kuliko ya huyo wa kwanza lakini debe limekwisha Agosti. Kumhubiria huyu wa pili subira bila kumpa unga ni kumwongezea mzigo.

Kwa hiyo nimepeleka hoja kwenye jumuiya. Kila familia iliyopata pesa ya msimu iweke kiasi sasa hivi, Desemba hii, pesa ikiwa bado ina joto. Ziwekwe benki, zisiguswe mpaka Agosti, na mwenye shida ya kweli akopeshwe bila riba, arudishe baada ya mnada. Mfuko wa kuzuia kangomba, basi. Vikoba vipo, lakini gawio linafanyika Desemba na Agosti hakuna kitu ndani.

Maneno yamekuwa mengi. Mmoja anasema watu hawatarudisha. Inawezekana, baadhi. Mwingine anauliza kama mfuko ni wa wanajumuiya tu au na majirani, na hapo ndipo palipowaka, kwa sababu kuna anayeona pesa ya jumuiya ya Kikatoliki haiwezi kwenda kwa Mwislamu. Nikamkumbusha mwaka nyumba yake ilipoungua walioleta vyombo vya kwanza walikuwa akina nani. Akanyamaza, ingawa sidhani amekubali. Kijana wetu katibu, anayesoma uhasibu, ameuliza swali la maana kuliko yote: nani atashika daftari, na nani atamkagua anayeshika daftari.

Jirani yangu aliuza, kwa taarifa yenu. Mtoto yuko shule, godoro analo. Magunia yake yalipita barabarani mbele ya nyumba yangu mwezi wa kumi na moja, yamepakiwa kwenye guta la yule kijana.

Mwenyekiti ameshauri suala la mfuko tulizungumze vizuri Januari, watu wakishatulia. Nimemwambia Januari kutakuwa na ada, daftari na mbegu, hakutakuwa na pesa ya kuzungumzia. Tumekubaliana Jumamosi hii, saa kumi na mbili asubuhi, kwangu, baada ya sala ya jumuiya. Chai itakuwepo. Mvua ikinyesha tutahamia ndani, mafundisho ya uvumilivu nitayasoma Jumapili.