Githeri Man bado yuko nasi

Leo mchana nilikuwa kwenye foleni ndefu ya kulipia maji. Jua la utosi. Kila mtu na simu yake, hakuna anayemsemesha mwenzake.

Kijana mmoja mbele yangu akafungua kopo, akaanza kula githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja. Taratibu, hana haraka.

Mzee mmoja nyuma kabisa akaita: "Githeri Man!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Kijana mwenyewe alicheka hadi kijiko kikamtetemeka mkononi, kisha akamwita mzee waje wale pamoja.

Wadogo zangu huenda hamkumbuki. Tarehe 8 Agosti 2017, siku ya uchaguzi, bwana mmoja alipigwa picha mtaani Kayole, Nairobi, akila githeri kwenye mfuko wa plastiki huku akingoja kupiga kura. (Mifuko yenyewe ilipigwa marufuku mwezi huohuo!) Watu wakambandika kwenye kila picha, hata kando ya marais wa ng'ambo. Desemba, Rais akamtunuku nishani.

Siasa zilikuwa zimetuchosha. Nyumbani kwetu kulikuwa na watu wa pande zote mbili, na mezani maneno yalikuwa machache. Lakini picha zile tulitumiana sote. Hakuna aliyeuliza yule bwana alimpigia nani kura. Tulimwona Mkenya, ana njaa, ana subira, na tukajiona sisi wenyewe.

Naipenda sana nchi hii inapojitambua hivyo.

Je, wewe ni meme gani iliyokufanya ujisikie Mkenya kabisa? Iweke hapo chini.